Saa ya Mjomba ni Shilingi 36

Swali huwa lile lile. Mtu anaokota kisanamu mezani pangu, anakigeuza, anaona hakizidi kidole gumba, halafu anauliza: "Hii ni mia nne? Hii plastiki?" Wengine hucheka. Wengine hukirudisha polepole kama kitu kitakachowalipisha wakikivunja. Jamaa mmoja alinishauri nianze kuuza smokie.

Simlaumu mtu. Ukipima kwa gramu, mimi ni mwizi. Resini iliyo ndani ya kisanamu kimoja ni ya shilingi 50 hivi. Lakini bei ya hivi vitu haijawahi kukaa kwenye plastiki, na imenichukua miaka minne ya kuprinti usiku kwa bedsitter yangu Pangani kuelewa inakaa wapi.

Kwa wale ambao hawajawahi kushikwa na huu ugonjwa: kuna michezo inayochezwa mezani kwa majeshi madogo. Badala ya kete una askari, mazimwi, maroboti, kila mmoja na urefu wa milimita 28 au 32 hivi. Unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zako, kisha unapima hatua zao kwa futi na kurusha dadu kuona nani amekufa. Hapa Nairobi tuko wachache. Tunakutana Jumamosi orofa ya pili ya mkahawa fulani mjini, na waiter ameshazoea kuona watu wazima wakibishana kama joka linaweza kuona nyuma ya kopo la Blue Band lililopakwa rangi ya mlima.

Kampuni kubwa kuliko zote kwenye hii biashara iko Nottingham, Uingereza. Inaitwa Games Workshop. Ilianza 1975 huko London, vijana watatu, mmoja wao akitengeneza kwa mkono mbao za michezo kama backgammon na mancala, yaani ukoo wa bao letu. Mwaka wa 1983 wakatoa Warhammer, mwaka wa 1987 Warhammer 40,000, na 1994 wakaingia soko la hisa la London. Katika mwaka wao wa fedha ulioisha Juni 2024 waliingiza pauni milioni 525.7, na faida kabla ya kodi ikawa pauni milioni 203. Desemba ya mwaka huo wakaingia kwenye orodha ya FTSE 100, wakapanga foleni na mabenki na makampuni ya mafuta. Kwa kuuza askari wa kidole gumba. Niliposoma hizo namba mara ya kwanza nilisema wueh, nikazisoma tena.

Siri yao ya kwanza ni kalibu. Kisanamu cha plastiki ngumu hutengenezwa kwa kuyeyusha polistirini na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa na mashine hadi kwenye mikunjo ya nguo na vifungo vya koti. Kalibu ikifunguka, fremu nzima ya mikono, vichwa na bunduki inadondoka, na nyingine inafuata baada ya sekunde chache. Kuchonga kalibu kama hiyo kunaweza kula makumi ya maelfu ya dola. Plastiki ya kila fremu ni senti. Kwa hiyo kisanamu cha kwanza kinakugharimu bei ya ploti, na cha elfu kumi kinakugharimu chini ya peremende.

Ukishaelewa hilo, tabia nyingine zote za hii biashara zinafunguka. Ukishalipia kalibu, kazi yako ya maisha ni kuuza nakala nyingi mpaka ile bei ya ploti igawanyike kuwa vumbi. Ndiyo maana wanatoa visanamu vipya kila mara. Ndiyo maana sheria za mchezo huandikwa upya kila baada ya miaka michache, na jeshi lako lililokuwa kali juzi linalegea ghafla. Na ndiyo maana Games Workshop wana maduka yao wenyewe zaidi ya 500, mengi yakiendeshwa na mfanyakazi mmoja tu. Wanachora wenyewe, wanatengeneza Nottingham wenyewe, wanauza wenyewe. Sehemu ya ile faida ambayo kwa kawaida ingegawanywa kati ya kiwanda, muuzaji wa jumla na mwenye duka inabaki nyumba moja.

Kampuni ndogo haina hiyo raha. Kuna kanuni ya mkono ambayo watengenezaji wa michezo ya mezani hupeana: bei ya dukani iwe kama mara tano ya gharama ya kitu kikifika ghalani kwako. Ukisikia mara tano unaona ulafi. Lakini mwenye duka anachukua karibu nusu, msambazaji anakata chake, mchoraji na mwandishi wa sheria wana chao, boksi zingine zinafika zimebonyea, na kile kinachobaki ndicho kinatakiwa kulipia kalibu ya mchezo ujao.

Ujanja wa kupunguza gharama nao ni wa zamani. Mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain ya London ilitafuta namna ya kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani. Unamwaga madini ya moto kwenye kalibu, yanaganda pembeni, kisha unamwaga nje yale ya katikati kabla hayajashika. Askari anatoka mwepesi na wa bei nafuu, na Wajerumani waliokuwa wanatawala soko kwa askari waliojaa risasi wakaanza kutoka jasho. Mtoto anayecheza hajui kama askari wake ana kitu tumboni.

Zama zetu zilileta ujanja mwingine: kuchangisha mtandaoni. Hiyo sisi Wakenya hatuhitaji kufunzwa, ni harambee tu, isipokuwa mgeni wa heshima hayupo na kila anayetoa anatarajia boksi. Mwaka wa 2012 kampuni ya Reaper ya Marekani ilichangisha zaidi ya dola milioni 3.4 kwenye Kickstarter ili itengeneze visanamu vya plastiki. Mwaka wa 2017 mchezo wa Kingdom Death: Monster ukapita milioni 12. Mnunuzi analipa kalibu kabla haijachongwa. Tatizo ni kwamba pesa huja leo na gharama huja baadaye. Mwaka wa 2021 bei ya kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za bahari ilipanda hadi zaidi ya dola 10,000, na watu waliokuwa wameshakusanya pesa za mizigo kwa bei ya zamani wakajikuta wanadaiwa maboksi ambayo hawana nauli ya kuyaleta.

Na kabla hujaniuliza: hapana, siwezi kufungua kampeni ya Kickstarter kutoka Pangani. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kuanzisha mradi. Tunaruhusiwa kuchangia tu.

Basi sisi huku tunatumia printa. Yangu niliinunua mtumba kwa KSh 38,000, nikaongeza mashine ya kuoshea na kukaushia kwa mwanga wa UV, KSh 15,000. Ndani kuna beseni la resini na skrini chini yake. Skrini inawaka umbo la tabaka moja, resini inaganda, sahani inainuka kidogo, tabaka lingine. Kitu kitamu ni kwamba muda unategemea urefu, wala si idadi. Kisanamu kimoja kinachukua saa tatu, na vinane nikivipanga kwa sahani moja vinachukua saa tatu zile zile. Kitu kichungu ni stima. Ikipotea saa mbili na dakika hamsini ndani ya kazi, una vichwa vinane vilivyokatwa utosi.

Hesabu yangu ni hii. Resini, 50. Vilivyoharibika, nikivigawanya kwa vilivyopona, 10. Spiriti ya kuoshea na glavu, 15. Skrini, ambayo huchoka na kubadilishwa, 2. Mashine zenyewe, 18. Halafu kuna leseni. Sichongi mwenyewe. Nalipa wachongaji wa dijitali wa ng'ambo karibu KSh 3,900 kwa mwezi ili niruhusiwe kuuza nakala za faili zao. Nikiuza visanamu 60 kwa mwezi, hiyo ni 65 kwa kila kimoja. Jumla 160. Nauza 400. Zinabaki 240, mara 60, ni KSh 14,400 kwa mwezi.

Ukitoa vishikizo, kuosha, kufunga na kupeleka parcel kwa stage ya matatu, kila kisanamu kinakula dakika 20 za maisha yangu. Hiyo ni saa 20 kwa mwezi, shilingi 720 kwa saa. Nikikipaka rangi nauza 1,500, lakini ninatumia saa tatu nzima, na nikitoa gharama na rangi inabaki kama 433 kwa saa. Watu wanadhani pesa iko kwenye ile kazi nzuri ya brashi. Brashi ndiyo inanilipa kidogo. Na siwezi kusema basi nitaprinti visanamu 600, kwa sababu hao wanunuzi 600 hawapo. Mashine yangu hulala njaa nusu ya mwezi.

Sasa twende Tabaka.

Tabaka iko Kisii, na kama umewahi kununua bakuli la mawe ya sabuni au yale mawe mawili yanayokumbatiana Maasai Market, kuna uwezekano mkubwa lilitoka huko. Mjomba wangu, kaka yake mama, anachonga chesi. Vipande 32 na ubao. Si chesi ya kawaida: mfalme ni simba, ngome ni ndovu, askofu ni twiga, farasi ni punda milia, na askari wote ni ngao ndogo. Anachonga jiwe likiwa bichi, kwa panga kwanza halafu kisu. Mke wake anakaa na beseni la maji na misasa ya aina tatu, anasugua mpaka jiwe liwe laini kama sikio la mtoto, kisha nta.

Hana kalibu. Hana leseni ya mtu. Seti ya kwanza aliyochonga na ya leo zinamgharimu sawasawa, na hiyo ndiyo shida yake. Mnunuzi wa jumla anamlipa KSh 1,800 kwa seti. Jiwe, msasa na nta ni kama 300. Wanabaki na 1,500. Seti moja inawachukua siku tatu, watu wawili, saa saba kwa siku, yaani saa 42. Nilipiga hiyo hesabu kwa simu nikiwa nimekaa kwenye gogo uwanjani kwake, nikaipiga tena nikidhani nimebonyeza vibaya. Shilingi 36 kwa saa kila mmoja. Mjini ile seti inauzwa 5,000.

Mwaka jana bwana mmoja anayesambazia maduka ya zawadi alinipigia. Alikuwa ameona picha za visanamu vyangu na picha ya chesi ya mjomba kwenye ukurasa wangu. Alitaka kitu kimoja tu: nichukue seti ya mjomba, nipige skani kila kipande, nisafishe, nimpe faili. Angepeleka China, wachonge kalibu, watoe seti 5,000 za plastiki zenye uzito wa kati na rangi ya jiwe. Nyepesi kwa begi la mtalii na hazivunjiki. Faili angenilipa KSh 180,000, mara moja, na faili ziwe zake.

Mimi napata 14,400 kwa mwezi. Hizo ni pesa za mwaka mzima kwa kazi ya wiki mbili. Na nilikuwa na deni la karo ya dada yangu mdogo chuoni ambalo lilikuwa linanitazama kila nikifungua M-Pesa.

Kabla sijamjibu nikafanya hesabu yake. Nilikuwa na nukuu ya kiwanda cha huko niliyowahi kuomba kwa mradi mwingine wa saizi hiyo: kalibu dola 6,500, kila seti na boksi lake dola 4.20. Kwa dola moja shilingi 130, kalibu ni KSh 845,000. Kwa seti 1,000 kila moja ingekuwa 1,391 kabla ya meli, ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Kwa seti 5,000 inashuka hadi 715. Hizo 180,000 zangu, zikigawanywa kwa 5,000, ni shilingi 36 kwa seti.

Namba ile ile. Najua ni bahati tu ya hesabu, lakini nilikaa nikiitazama.

Hapo ndipo Nottingham ilinirudia. Katika zile pauni milioni 525.7, milioni 31 zilitoka kwa leseni: watu wa michezo ya video na wengine wanaolipa ili watumie askari wale. Hakuna plastiki iliyoyeyushwa kupata hizo pesa. Kampuni inajua inachouza, na inakilinda. Mwishoni mwa 2010 iliishtaki kampuni ndogo ya Marekani iliyokuwa inauza vipuri vya kupachika kwenye askari wake. Baraza la mahakama likatoa uamuzi 2013, kila upande ukishinda baadhi ya hoja. Mwaka uliofuata jeshi lililoitwa Imperial Guard likaitwa Astra Militarum. Mtu yeyote anaweza kuwa na walinzi wa mfalme. Astra Militarum ina mwenyewe.

Na punda milia wa mjomba je?

Nilipanda matatu ya Kisii Ijumaa usiku. Sikutaka kuongea hayo kwa simu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchonga, kisha akasema, "Mpwa wangu, huyu twiga si wangu. Nilimwona kwa mzee mmoja hapo juu mwaka niliooa. Simba kila mtu hapa anachonga. Sasa nikichukua pesa ya simba, jirani ataniuliza nini?"

"Na punda milia, mjomba?"

Akanyamaza. Akamwokota mmoja kutoka kwa gunia. Shingo yake imegeuka nyuma, kama amesikia kitu. "Huyu ni wangu. Jiwe lilikuwa na ufa hapa. Ningemchonga akiangalia mbele, shingo ingekatika. Nikamgeuza. Watu wakampenda, nikaendelea kuwageuza hata kwa mawe mazima."

Halafu akauliza swali ambalo mimi na simu yangu hatukuwa tumelifikia: "Hizo elfu tano zikishaisha, huyo bwana atakuja kununua za mawe?"

Nilimwambia sidhani.

"Basi hiyo laki moja na themanini ni ya kunifunga kazi."

Tulikaa na hiyo jioni nzima. Yeye hakuniambia nikatae. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, aliniachia. Asubuhi nilimwonyesha sheria, kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za sanaa, sanamu zikiwemo, na kwamba mtu anaweza kusajili kazi yake KECOBO ili awe na karatasi ya kuonyesha. Tukakubaliana nimpigie yule bwana na kumwambia hivi: faili haziuzwi, zinakodishwa. Shilingi 150 kwa kila seti itakayotoka kiwandani, 100 za mjomba na 50 zangu, na jina la Tabaka liandikwe kwa boksi. Kwa seti 5,000 hiyo ni KSh 750,000. Bado yeye angeuza kwa faida.

Alisikiliza vizuri, mtu mwenye adabu. Akasema atarudi kwangu. Baada ya wiki mbili akatuma ujumbe: shilingi 40 kwa seti elfu moja za kwanza, baada ya hapo hakuna kitu. Nikamsomea mjomba kwa simu. Akacheka, akasema hata wa jumla humwongezea zaidi ya hiyo Desemba. Nikamjibu bwana hapana. Karo ya dada yangu nimeilipa kwa vipande, kwa kupaka rangi mazimwi ya watu kwa shilingi 433 kwa saa.

Siwezi kukuambia tumeshinda. Seti ya mjomba iko madukani, na yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuipiga skani leo. Labda ameshafanya. Kila nikipita maduka ya zawadi huangalia kwanza shingo ya farasi.

Ila punda milia tunamsajili. Mwezi uliopita nilienda na laptop, nikapiga picha pande zote sita, nikaanza kujaza fomu pale uwanjani. Nilipofika kwa jina la msanii nikaandika la mjomba na kumsomea kwa sauti. Mke wake hakuinua kichwa kutoka kwa beseni.

"Na macho?" akauliza.

"Macho yapi, mama?"

"Huyo mnyama akitoka kwa mjomba wako hana macho. Ni mimi humtoboa macho na ncha ya msumari, nikimaliza msasa. Muulize."

Mjomba alitazama jiwe mkononi mwake muda mrefu kidogo. "Ni kweli," akasema. "Andika wawili."